Kiangazi kinapoisha, nani anamhitaji mtoto?

Wiki ya mwisho ya Januari, Uganda nzima iko sokoni. Pale Kikuubo, Kampala, huwezi kupita bila kugongana na mtu aliyejitwisha godoro. Boda boda zinapita na masanduku ya bati yaliyopakwa rangi, mifagio imefungwa kwa kamba ubavuni, na akina mama wamesimama kwenye vibaraza vya maduka wakisoma orodha ya shule mstari kwa mstari: rimu za karatasi, karatasi za choo, sabuni, sukari, jembe. Arua ni hivyo hivyo, Mbale ni hivyo hivyo. Na kwa kuwa Baraza la Mitihani, UNEB, hutoa matokeo ya darasa la saba mwezi huo huo, wazazi wengi wana hesabu ya pili kichwani, ya mtoto anayeingia kidato cha kwanza.

Katika pilikapilika hiyo yote mtoto mwenyewe hana la kufanya. Anajaribishwa viatu, anaambiwa ageuke, anaulizwa kama shati linambana. Ukimtazama usoni utaona kwamba ameshaelewa jambo moja: yeye ndiye gharama. Kila noti inayotoka kwenye mkoba wa mama inatoka kwa ajili yake, na anayasikia manung'uniko yote njiani kurudi nyumbani.

Hilo linaniuma, na ndilo lililonifanya niandike. Wiki hizi za mwisho wa likizo ndefu, pamoja na zile zinazofuata mpaka mvua ya kwanza, zilikuwa wiki ambazo nyumba ilimhitaji mtoto kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Leo zimekuwa wiki ambazo anaigharimu nyumba kuliko wakati mwingine wowote. Sisi wa rika langu tukikaa kukumbuka utoto huwa tunataja michezo, maembe, kuogelea mtoni, magari ya waya. Yote ni kweli, tulicheza sana. Lakini kilichotulea hasa, kwa maoni yangu, ni kule kujua kwamba kulikuwa na kazi ambayo bila mikono yetu isingekwisha kabla mawingu hayajarudi.

Kiangazi chenyewe hakifanani nchi nzima. Kusini, kuanzia Buganda mpaka kando ya Ziwa Viktoria, mvua hunyesha misimu miwili na kiangazi cha Desemba hadi Februari ni kifupi. Kalenda ya Kiganda ina mwezi wake wa senene, Novemba, na mwezi wake wa mbegu, Machi, na kati ya hiyo miwili ndipo watoto walipokuwa nyumbani. Kaskazini na West Nile, kaskazini-magharibi ya nchi, tuna msimu mmoja mrefu wa mvua. Kuanzia Desemba ardhi inapasuka, nyasi zinakuwa rangi ya majivu, upepo unabeba vumbi jekundu mpaka ndani ya sufuria, na hali hiyo inaweza kufika Machi au hata kugusa Aprili. Muhula wa kwanza, kwa nchi nzima, unafunguliwa mwanzoni mwa Februari. Kwa hiyo mtoto wa kaskazini anarudi shule kiangazi kikiwa bado kikali, na mvua inayofunga majira hayo inamkuta darasani. Zamani, wengi tulipokuwa wanafunzi wa kutwa, hilo halikuwa tatizo, maana jioni tulirudi nyumbani. Sasa wengi wako bwenini, hata wa shule ya msingi.

Mimi nilikulia Arua mjini, katika mtaa ambao Kiswahili ndicho kilichotuunganisha sisi watoto wa Kilugbara, wa Kinubi, wa Kikakwa na wa Kialur. Mitihani ya mwisho wa mwaka ikiisha, tulipelekwa Terego kwa bibi, upande ule ambako Mlima Wati unaonekana kila unapoinua macho. Huko Kiswahili kiliachwa mlangoni, tukarudi kwenye Kilugbara, na tukapewa kazi.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuchagua mbegu. Karanga zilikuwa zimevunwa na kukaushwa zikiwa bado na maganda. Bibi alizimwaga katikati ya mkeka, sisi wajukuu tukakaa kuuzunguka, na kubangua kukaanza. Ganda la karanga kavu ni gumu kwa kidole cha mtoto. Ifikapo jioni ncha za vidole zinawaka. Kanuni zilikuwa chache, lakini bibi hakuwa na mzaha nazo. Karanga iliyojaa, isiyo na ufa, ambayo ngozi yake haijachubuka, hiyo ni ya kibuyu. Iliyosinyaa ni ya chungu. Iliyopasuka unaruhusiwa kuila hapo hapo. Ukipasua nyingi mno, bibi alijua, maana alikuwa anasikia. Aliketi akiwa ametupa kisogo, anapepeta simsim kwenye ungo, na bado alikuwa anasikia ganda linalobanwa kwa meno badala ya vidole. Mbegu zikishachaguliwa zilichanganywa na majivu ili fukusi wasizile, zikatiwa kibuyuni, kibuyu kikazibwa. Masuke ya mtama na magunzi ya mahindi ya mbegu yalitundikwa jikoni juu ya mafiga, moshi uyalinde.

Naomba msomaji aitazame kazi hiyo kwa makini, kwa sababu ndani yake kuna mambo matatu kwa pamoja. Ya kwanza ni maarifa: mtoto wa miaka saba anajifunza kutambua mbegu itakayoota na ile isiyofaa, jambo ambalo mtaalamu wa kilimo anafundishwa chuoni. Ya pili ni dhamana, maana shamba la mwaka mzima limewekwa mikononi mwa watoto. Nikiweka mbegu mbovu kibuyuni, mwezi wa nne kutakuwa na pengo shambani, na pengo hilo bibi atanionyesha kwa kidole. Ya tatu ni mazungumzo. Watu wanaobangua karanga kwa saa nne lazima wazungumze, na hadithi, vitendawili, majina ya mababu, habari za ndoa zilizovunjika na sababu zake, yote tuliyasikia hapo, macho yakiwa kwenye mkeka. Hakuna aliyetuita akasema leo tunafundisha mila.

Kulikuwa na kazi nyingine. Nyasi za kuezekea hukatwa kiangazi zikiwa kavu, na paa lililochoka lazima lizibwe kabla ya mvua, kwa hiyo watoto walibeba matita na kuwarushia mafundi waliokuwa juu. Chemchemi zilipungua, na foleni ya maji ilianza kabla ya alfajiri. Wavulana walifuatana na wakubwa kuchoma nyasi na kusaka ndezi, na kwa hili sitatetea kitu, maana moto ule uliunguza mengi ambayo hayakustahili.

Halafu mvua ya kwanza ilinyesha, na baada yake kumbikumbi.

Asiyewahi kuwinda kumbikumbi anadhani ni kuokota wadudu waliojaa chini ya taa. Kaskazini ni kazi ya kupanga. Kwanza, kichuguu kina mwenyewe. Kwetu, kama ilivyo kwa Waacholi na Walango, vichuguu vya karibu na makazi ni mali ya familia, baba humrithisha mwanawe, na kumega kichuguu cha jirani ni ugomvi wa kufika kwa wazee. Pili, kumbikumbi wana siku na saa zao: kuna aina inayoruka mchana na aina inayoruka usiku. Hapo ndipo mtoto alipokuwa muhimu. Mvua ikishanyesha, sisi ndio tuliotumwa kuzunguka vichuguu na kuchungulia, kuona kama mchwa wafanyakazi wameanza kufungua vitundu na kama askari wenye vichwa vikubwa wamesimama milangoni. Mtu mzima mwenye jembe mkononi hana muda wa kuinama mara tano kwa siku. Mtoto anao.

Tukirudi na habari kwamba vitundu viko wazi, maandalizi yalianza. Kishimo kilichimbwa chini ya kitundu, kuta zake zikasilibwa udongo mpaka zikawa laini ili anayetumbukia asipande. Juu zilijengwa fito na kufunikwa kwa majani, ukaachwa upenyo mmoja, na hapo ukawekwa mwenge wa nyasi. Kwa wale wa mchana, watoto walipewa vijiti viwili viwili na kuambiwa wapige juu ya ubao uliolazwa kwenye kichuguu, polepole kwanza, kisha harakaharaka, mdundo wa matone, mpaka kumbikumbi waamini kwamba mvua imefika. Mikono ikichoka mwingine anapokea, na mdundo haukatiki. Walipotoka, walitoka kwa maelfu. Usiku huo walikaangwa bila mafuta kwenye chungu kipana, wakapepetwa mabawa yapeperuke, wakatiwa chumvi. Watoto tuliopiga vijiti tulipewa bakuli letu peke yetu, na mtu mzima aliyetaka kuonja alituomba.

Kuombwa huko na mjomba wako, mtu mwenye ndevu, ukiwa na miaka minane, ndiko ninakozungumzia.

Najua nitakayoambiwa. Nitaambiwa utoto wa kijijini haukuwa sherehe. Kwamba kuna watoto waliobebeshwa mzigo wa watu wazima, kwamba foleni ile ya maji ya alfajiri ilikuwa ya wasichana zaidi kuliko wavulana, na kwamba wasichana wengi hawakurudi shule Februari kwa sababu nyumba ilikuwa imewahitaji mno. Ni kweli, na sitaki mtu anisome kama mtetezi wa hilo. Dada zangu na binamu zangu walibeba maji wakati mimi nimekaa kwenye mkeka wa karanga, na hakuna aliyeona ajabu. Tunapojadili kurudisha kitu kutoka enzi zile, mgawanyo huo haurudi nacho.

Ila kuhitajika na kutumikishwa havifanani, na Uganda ina mifano ya kutosha ya kuonyesha mpaka ulipo. Nenda Busoga, kwenye mashamba ya miwa. Kwa miaka mingi watoto wameacha darasa wakaenda kukata na kupakia miwa kwa malipo ya siku. Huko mtoto anafanya kazi ngumu kuliko yoyote aliyonipa bibi yangu, lakini hakuna mtu anayemhitaji yeye. Inahitajika mikono, ya yeyote. Asipokuja leo atachukuliwa mwingine, na jioni hakuna aliyebaki naye kuzungumza. Analipwa na kuondoka bila maarifa ya kumfaa kesho, wala jina. Kazi ya kwenye mkeka ilikuwa na jina langu.

Mfano wa pili ni vita. Kuanzia 1986 mpaka yaliposainiwa makubaliano ya kusitisha mapigano mjini Juba, Agosti 2006, Acholi na maeneo jirani yalivunjwavunjwa na mapigano kati ya serikali na waasi, hasa LRA, jeshi la Joseph Kony. Kufikia 2005 watu wapatao milioni 1.8 walikuwa wameng'olewa makwao, wengi wakiishi kambini. Makumi ya maelfu ya watoto walitembea kila jioni kutoka vijijini kwenda kulala Gulu na Kitgum mjini ili wasitekwe. Waacholi walikuwa na moto wao wa jioni, wang oo, ambako wazee na watoto walikaa baada ya kazi, na watu wakizungumzia hasara ya vita huutaja huo mara nyingi: moto ulizimika, hadithi zikakoma. Ni kweli ulizimika. Lakini mimi naona hasara ilianza mchana, kabla ya moto. Kambini hapakuwa na shamba la kufika bila hatari, na chakula kililetwa kwa malori ya msaada. Pasipokuwa na shamba hakuna mbegu ya kuchagua, na pasipokuwa na mbegu ya kuchagua bibi hana sababu ya kumwita mjukuu akae naye mkekani. Watu waliporudi vijijini baada ya 2006, wazee walilalamika kwamba vijana waliokulia kambini hawajui kulima. Hakuna aliyewanyima elimu hiyo kwa makusudi. Walikulia mahali ambapo msimu haukuwa na shughuli nao.

Ndiyo maana sina imani kubwa na juhudi za kurudisha wang oo kwa kukusanya watoto ukumbini na kumleta mzee aliyealikwa awasimulie. Nia ni njema. Lakini moto ule ulikuwa mwisho wa siku ya kazi iliyofanywa pamoja. Mzee alikuwa anaongea na watu aliokuwa nao shambani tangu asubuhi.

Mfano wa tatu wengi wetu bado hatujaumeza. Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona. Zilifunguliwa kwa awamu, zikafungwa tena Juni 2021, na hazikufunguliwa kwa wote mpaka tarehe 10 Januari 2022. UNESCO ilisema ndicho kipindi kirefu kuliko vyote duniani, na wanafunzi wapatao milioni 15 waliguswa. Kama tatizo lingekuwa tu kwamba watoto hawako nyumbani, basi miaka ile miwili ingelitibu. Haikulitibu. Watoto walikuwa nyumbani na wengi wao waliishia kwenye machimbo, kwenye matofali, kuuza ndizi mbivu barabarani, na wasichana wengi wakapata mimba. Wazazi tulikuwa tumeshazoea kwamba mtoto hulelewa na shule, na shule ilipofungwa hatukuwa na kazi yenye maana ya kumpa. Tukampa redio, tukampa simu, tukampa ndugu mdogo amlee. Mwenye njaa akamtuma akatafute pesa. Nakumbuka mwenzangu mmoja kazini akilalamika kwamba wanawe wanakula na kulala tu, na nilipomuuliza wamepewa kazi gani hapo nyumbani, alinitazama kama niliyeuliza jambo geni.

Sasa tumerudi kwenye mihula ya kawaida na likizo yenyewe inaliwa. Wizara ya Elimu imepiga marufuku masomo ya likizo mara nyingi, na mara nyingi agizo hilo limepuuzwa. Januari nzima watoto wanaotarajiwa kuingia darasa la saba wanapita asubuhi na sare, au bila sare ili wasionekane, kwenda tuisheni. Simlaumu mzazi peke yake. Mtihani wa darasa la saba una masomo manne, alama bora kabisa ni jumla ya nne, na nafasi katika shule nzuri ya sekondari inategemea namba hiyo. Anayemwacha mwanawe mkekani wakati wa jirani yuko tuisheni anahisi anamponza. Lakini wanaoendesha tuisheni hiyo wanajua, kama tunavyojua sisi, kwamba ada inayokusanywa ina uzito kuliko somo linalofundishwa. Mtoto aliyetoka kwenye mihula mitatu akaingia tuisheni, akatoka tuisheni akaingia bwenini, ni mtu asiyekuwa na wiki hata moja katika mwaka ambayo kwao wanamsubiri kwa jambo lolote.

Vitu vyenyewe vilivyokuwa vya watoto navyo vinaondoka. Senene wa Novemba walikuwa wa kila mtoto aliyeweza kukimbia chini ya taa ya barabarani na mfuko mkononi. Siku hizi Masaka na kwingineko wananaswa kwa mabati yaliyosimamishwa juu ya mapipa, chini ya taa kali zenye kuumiza macho, na ni biashara ya wenye mtaji. Nafasi iliyobaki kwa mtoto na mama yake mara nyingi ni kunyonyoa mabawa na miguu kwa ujira. Kaskazini, mishea, ile miti ya mbegu zenye mafuta, ambayo matunda yake tuliyaokota mvua zikishaanza, imekatwa kwa mkaa, mpaka Rais akatoa amri mwaka 2023 kuzuia biashara ya mkaa katika eneo hilo. Magari ya mkaa bado yanapita usiku. Mti huo huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa, kwa hiyo mti ukikatwa leo, mtoto wa leo hataokota chini ya ule utakaopandwa.

Na kuna ambao kijiji hawana kabisa. Kambi ya Bidibidi, Yumbe, ilifunguliwa Agosti 2016 na ikawa miongoni mwa makazi makubwa ya wakimbizi duniani. Bibi kutoka Sudani Kusini aliyepewa kiwanja kidogo pale hana kichuguu cha kurithisha. Lakini nimewaona akina bibi wale mwezi wa Machi wakiwa na debe lao la mbegu za bamia na kunde, wajukuu wamewazunguka, wanachambua juu ya turubai la msaada. Kama inawezekana Bidibidi, sioni kwa nini ishindikane kwenye nyumba ya kupanga Ntinda au Kireka. Mbegu za sukuma na nyanya hupandwa hata kwenye gunia. Tatizo ni kwamba mzazi wa mjini anaona ni haraka zaidi kununua, na kwa kweli ni haraka zaidi. Kumpa mtoto kazi yenye uzito kunachelewesha. Bibi yangu angebangua karanga zile peke yake kwa muda mfupi kuliko aliotumia kutusimamia.

Nini kifanyike, basi? Wazo la kuwarudisha wote kijijini siliungi mkono, nauli za mabasi ya Arua na Kitgum katika majira ya sikukuu zinajulikana. Ninachotaka ni kwamba nyumba yenye watoto iwe na jambo moja, katika wiki za mwisho wa kiangazi, ambalo limeachwa mikononi mwao kweli kweli, kiasi kwamba wasipolifanya litaharibika, na wazazi wavumilie kuliona likiharibika. Kwa wenye kijiji liwe la mbegu. Kwa wasio na kijiji liwe jingine, ila lisiwe la kubuni. Mtoto anaijua kazi ya kubuni mara moja.

Shule zina nafasi kubwa kuliko zinavyodhani. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, unadai miradi ya vitendo, na kila mwaka nasikia wanafunzi wakinunuliwa miradi iliyokwisha tengenezwa ili wapate alama. Mwalimu wa kilimo angeweza kuwaagiza Desemba: kila mmoja arudi Februari na mbegu alizochagua mwenyewe, pamoja na maelezo ya aliyemfundisha na jinsi zilivyohifadhiwa. Mbegu zipandwe bustani ya shule mvua zikianza, zihesabiwe zilizoota. Mradi huo haununuliki dukani, na unamfanya bibi kuwa mwalimu anayetambulika.

Kwa shule za bweni za Arua, Gulu, Lira na kwingineko kaskazini nina ombi jingine. Muhula wa kwanza una siku ya wazazi kutembelea, ambapo tunakwenda na kuku wa kukaanga na soda, tunakaa chini ya mwembe saa mbili, tunarudi. Badala yake watoto waruhusiwe kwenda makwao wikendi moja, mvua zikishashika, mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili. Walio mbali mno wakaribishwe na wenzao walio karibu. Tarehe za mihula hutangazwa na Wizara mapema, na utabiri wa mvua za Machi hadi Mei hutolewa na wataalamu wa hali ya hewa wa serikali kabla ya msimu. Mwalimu mkuu ana karatasi zote mbili mezani kwake. Wazazi walioko kwenye kamati za shule wanaweza kuliweka jambo hili kwenye ajenda ya mkutano wa kwanza wa mwaka, na mimi nitalipeleka kwenye wa shule ya wanangu.